Mwambie Mwanao: Miaka Yangu ya Kuuza Dakika Mkomani

Nimeacha kazi Mfungo Mosi uliopita. Vijana wawili walioshika meza yangu hawaamini kwamba zamani mtu alilipia simu kwa dakika, tena akiwa amesimama ndani ya sanduku la mbao, na wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda, na kwa sababu nikiwasimulia kwa mdomo hunikatiza. Mambo ya vyeo sitayataja. Tulikuwa watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, nami nikawa mkubwa siku yule mwingine alipostaafu.

Chumba chetu kilikuwa Mkomani, mtaa wa mji wetu wa Amu, kwenye usita mkuu, yaani njia kubwa ya mji, mahali ambapo punda wawili hupishana ikiwa mmoja wao ana adabu. Ndani mlikuwa na vibanda viwili vya mbao vyenye vioo, benchi la wanaongoja, feni, na meza yenye mita mbili za kuhesabu muda wa kila simu. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuja kututazama akipenda. Aliyenifundisha kazi ni Bwana Twahiri, Mungu amrehemu, mtu mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa opereta wa simu miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Aliniajiri mimi mwanamke kwa sababu moja tu: wateja wengi walikuwa kina mama, na hawakupenda kumtajia mwanamume namba ya binti yao.

Siku ya kwanza hakunifundisha chochote hadi adhuhuri. Alinipa kitambaa na maji ya sabuni nifute mikono ya simu, maana watu hula halua usitani kisha wakaingia kupiga simu. Alasiri akaniambia niketi nitazame. Akaja mama mmoja mwenye binti Jedda. Namba ikapatikana, mlango ukafungwa, mita ikaanza kukimbia. Kupitia kioo nilimwona akisalimu. Akamuuliza binti hali yake, hali ya mume, hali ya kila mtoto kwa jina lake, hali ya jirani, na hali ya yule mgonjwa wa mwaka jana. Binti naye akarudisha salamu zote, nyumba baada ya nyumba. Mama alipotoka, alilipa, akafika mlangoni, akajishika kichwa. Alikuwa amekuja kumpa binti habari ya posa ya mdogo wake, na hakuigusa.

"Umeona?" Bwana Twahiri aliniuliza. "Hiyo ndiyo kazi."

Dawa yake ilikuwa ya vidole. Kabla mteja hajaingia kibandani, Bwana Twahiri alimwambia, "Bi Mkubwa, una mambo matatu. Kunja vidole vitatu. Kila ukisema jambo moya, kunjua kimoya. Salamu utampa mwisho, dakika zikibaki." Kina mama waliitikia vizuri sana. Waliingia na vidole vimekunjwa, wakaanza na salamu. Sikuona mzazi wa Amu aliyeweza kuanza na neno jingine, na baada ya muda niliacha kuwahimiza. Nilichowaambia ni kwamba wapunguze kusalimu jirani.

Njia za kupunguza gharama zilikuwepo hata wakati ule, ila kila moja ilikuwa na taabu yake. Bei ilishuka jioni sana na siku za mapumziko. Watu wa Amu waliweza kungoja. Watu wa kisiwa cha Pate, wale wa Siyu na Faza na Kizingitini, walikuja kwa maji, yaani boti ilipita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, maji yakijaa na haikupita yakitoka, na maji hayajali saa ya bei nafuu. Mtu aliweza kufika kwetu asubuhi wakati simu ni ghali na akalazimika kuondoka adhuhuri kabla haijashuka. Wenye jamaa Mkomani walilala. Wasio na jamaa walilipa.

Njia iliyofaa zaidi ilikuwa kumwachia mtoto ndiye apige. Kule ng'ambo zilikuwepo kadi za simu madukani, bei yake chini sana kuliko yetu. Mzazi aliingia, akapiga kwa muda wa kusema tu, "Niko kwa Bi Rukia, piga namba hii," maana ndilo jina langu, akakata, akaketi kwenye benchi. Sisi tulimtoza kitu kidogo cha kupokea. Mwenye duka hakuipenda njia hii. Bwana Twahiri alimwambia kwamba benchi likijaa watu wanaopokea simu, hata anayepita tu ataingia kuuliza kuna nini. Ikawa kweli, ingawa nadhani Bwana Twahiri aliisema ili aachwe.

Kuna jambo la desturi yetu ambalo mnalijua, lakini hamjaliona likifanya kazi ndani ya kibanda. Habari ya ugonjwa au msiba haitupiwi mtoto aliye peke yake ugenini. Hutafutwa kwanza mtu wa karibu naye, aende nyumbani kwake, akae naye, ndipo aambiwe. Mpaka mtu huyo apatikane, kwenye simu wote ni wazima. Nimewaona watu waliotoka kuzika wakaingia kibandani wakasema, "Sote wazima, alhamdulillahi," kwa sauti isiyotikisika, wakatoka, wakaketi kwenye benchi na kulia. Sikuwalaumu, ningefanya vivyo hivyo. Lakini watoto waliijua desturi, kwa kuwa ni yao pia, na kila walivyozidi kukaa ugenini ndivyo walivyozidi kutoamini neno "wazima". Waliuliza mara mbili, mara tatu. Waliomba kumsikia huyo mtu mwenyewe akikohoa.

Sasa nifike kwa Bwana Famau. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika, kwa sharti kwamba nisimpambe.

Bwana Famau ni fundi wa ngozi wa Siyu, mshonaji wa makubadhi. Mkewe ni Bi Mwanakombo. Mtoto wao wa kiume ni mmoja, Athmani, aliyelelewa juu ya kipande cha ngozi akishika sindano ya baba yake. Athmani hakuitaka kazi ile. Alikwenda Ras Kitau, kisiwani Manda, akapata kazi ya mashua kwenye hoteli, akafahamiana na watu, na watu wakamfungulia njia ya kwenda Uingereza. Uwanja wa ndege uko kisiwa kile kile cha Manda. Alipanda ndege kutoka pale pale kazini bila ya kuvuka kwenda Siyu. Salamu za kuaga alizituma kupitia kwa binamu yake.

Kwa msomaji wa mbali hili laweza kuonekana dogo. Kwetu anayesafiri humwendea mzazi, akabusu mkono, akataka radhi, hata kama anakwenda Mombasa kununua viatu. Athmani aliogopa kwamba akienda kuaga atazuiwa. Pengine alikuwa sahihi. Binamu alipofikisha salamu, Bwana Famau alisimama mlangoni mwa nyumba yake akaapa, majirani wakisikia, kwamba wallahi hatasema na mwanawe mpaka amwone kwa macho yake amesimama mbele yake.

Mimi sikuwa na habari hiyo siku walipoingia kwetu mara ya kwanza. Niliona mume na mke wa makamo. Mke aliingia kibandani. Mume alibaki nje, akauzuia mlango kwa mguu usifungike, akawa anatazama kalenda ukutani.

"Mwanakombo," alisema, "mwambie mwanao ale."

"Babako asema ule," Bi Mwanakombo akasema kwenye simu. Akasikiliza. "Asema hula."

"Mwambie sisemi chai na mkate. Nasema kula."

"Babako asema chai si kula." Akasikiliza tena. "Asema hupika wali mwenyewe."

"Muulize nani amemfundisha kupika wali."

Ikaendelea hivyo. Bwana Famau alikuwa na sauti ya fundi, kubwa, na kibanda kilikuwa kidogo. Athmani alimsikia vizuri. Nilijua kwa sababu mara nyingine Bi Mwanakombo alitega sikio kupokea jibu kabla hajafikisha swali. Alilifikisha swali hata hivyo. Kila neno la Bwana Famau lilikwenda mara mbili, kwa bei ya dakika za ng'ambo, saa ya ghali, maana maji yalikuwa yakitoka adhuhuri.

Walipoondoka nilimuuliza Bwana Twahiri kama yule mzee ana kasoro. Akanieleza habari ya kiapo. Nikasema basi tuwasaidie, tumwambie mama asirudie, kijana husikia. Bwana Twahiri aliendelea kuifuta mita.

"Sisi huuza dakika, Bi Rukia," alisema. "Kiapo kina wenyewe."

Walikuja kila maji na nafasi vilipowaruhusu. Bwana Famau alikuwa mteja mkali kuliko wote katika mambo ya bei. Alizijua saa za nafuu, alijua nchi gani imeshuka na ipi imepanda, na ndiye aliyemlazimisha Athmani, kupitia kwa mama, aanze kununua kadi za kule ili apige yeye. Aliwafundisha wenzake kwenye benchi. Alimkemea mtu aliyemsalimu mwanawe kwa muda mrefu. Kisha simu yake ikiingia, alisimama nje ya kibanda na kulipeleka kila neno kwa mzunguko. Siku moja mteja mmoja alimcheka kwa hilo. Bwana Famau akamjibu kwamba kubana matumizi ni jambo moja na kuapa ni jingine.

Kisha zikaja simu za mkononi, na vibanda vyetu vikaanza kukauka. Wazazi walijifunza kubipu. Bipu moja ilikuwa "nipigie ukipata nafasi", mbili "nipigie sasa". Mtoto aliyepokea bipu kwa bahati mbaya alitukanwa kwa kula salio la mzazi. Bwana Twahiri alistaafu kipindi hicho. Aliniachia funguo, kitambaa na ushauri kwamba niuze kadi za kukwangua. Mwenye duka akaondoa kibanda kimoja, akaleta kompyuta na visikizio vya kuvaa kichwani, watu wapige kwa intaneti. Bei ilishuka sana. Lakini sauti ilichelewa kufika, na wazazi wengi waliniambia kwa huzuni kwamba watoto wao wamekuwa wazito wa kujibu. Nilikuwa na kazi ya kuwaeleza kwamba mtoto hana tatizo, tatizo ni laini. Baadhi hawakunisadiki.

Kwa Bwana Famau na mkewe, kompyuta ilileta spika. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Sauti ya Athmani ilijaa chumba kizima, Bwana Famau aliisikia kwa mara ya kwanza tangu kijana aondoke. Nilimtazama. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono magotini, akasikiliza na uso umemlegea. Kisha akageuka.

"Mwanakombo, mwambie sauti yake imekuwa nene."

"Babako asema sauti yako imekuwa nene."

"Nimesikia, Mama. Mwambie ni baridi."

"Asema ni baridi."

Siku hiyo nilishindwa kujizuia. Wakiwa wanangoja boti, nilimvuta Bi Mwanakombo kando nikamwambia hana haja tena ya kurudia. Wote wawili husikiana. Anyamaze tu, dakika zitapungua nusu. Alinitazama kwa upole, namna mtu anavyomtazama asiyeelewa mambo ya ndani ya nyumba ya mwenzake.

"Bi Rukia, mimi nikinyamaza, Bwana Famau atakuwa asema naye," aliniambia. "Kiapo kitavunjika, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekivunja."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya. Alikuwa akimlinda mumewe. Kila alichorudia kilimwezesha mumewe kusema na mwanawe bila ya kusema naye. Kwa kuwa alichagua mwenyewe, niliinyamazia.

Kwa nini Athmani hakuja, asimame mbele ya baba yake, yakaisha? Hakuweza. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa hazijakamilika. Zilikwenda mahakamani, zikarudi, zikaenda tena. Mradi yuko ndani ya nchi ile kesi yake ilikuwa hai. Akitoka tu, imekufa, na mlango umefungwa nyuma yake. Huko alikuwa ameoa na ana watoto wawili. Bi Mwanakombo aliniambia haya, na Bwana Famau aliyajua vizuri kuliko sote. Hakuwahi kumwagiza aje. Wala hakuwahi kuondoa kiapo.

Sasa hivi kazi yenu ni rahisi na ya bei ndogo. Mtu ana simu yake, waifai ya duka inafika hadi barazani, na maneno yenyewe hayalipiwi. Nitawaambia mambo machache tu ambayo huwa mnayasahau. Msiwauzie wazee bando la siku moja, huwaishia wakiwa bado wanatafuta miwani. Laini ikiwa dhaifu, zimeni vidio kwanza, sauti itasimama. Na wafundisheni ujumbe wa sauti: mtu arekodi hapa penye waifai, mtoto asikilize akitoka kazini, ajibu akipenda. Kwa watu wa Pate ndiyo njia iliyoshinda zote, kwa sababu haiulizi maji yamejaa au yametoka.

Huo ujumbe wa sauti ulimsumbua Bwana Famau. Alinijia peke yake siku moja akaniuliza namna unavyofanya kazi. Nikamwonyesha. Akauliza, "Nikisema humu, yeye yuko?" Nikamwambia hayuko, ataukuta baadaye. Akauliza, "Basi hapo nimesema na nani?" Nikamwambia mimi sijui, mimi huuza waifai. Akaenda kwa sheikh wa msikiti wa jirani kuuliza kama mtu akisema ndani ya simu na mwenzake hayupo, amesema naye au hajasema naye. Alirudi amekunja uso. Sheikh alikuwa amemwambia kwamba kiapo hufuata nia, na nia yake anaijua mwenyewe. Akamwambia pia, bila ya kuulizwa, kwamba aliyeapa kuacha jambo jema, bora alifanye jambo hilo na atoe kaffara: awalishe maskini kumi, kiapo kimekwisha.

"Ni vyema," nikasema.

"Si vyema," Bwana Famau akasema. "Nikitoa kaffara, itakuwa nimesema kuondoka kwake vile si kosa."

Hakurekodi. Waliendelea kama zamani, Bi Mwanakombo katikati.

Mwaka jana Bi Mwanakombo akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na kauli ikapotea. Walihamia Mkomani kwa dada yake ili awe karibu na hospitali. Athmani aliambiwa kwamba mama ana mafua, sauti imemkauka. Huo ulikuwa uamuzi wa jamaa wote, na sababu ni ile ile niliyoieleza: alikuwa karibu kuitwa kwa shauri lake la mwisho, na hapakuwa na mtu wa Siyu aliyekuwa karibu naye wa kwenda kukaa naye. Alivumilia wiki ya kwanza. Baadaye akawa anapiga kwa ami, kwa shangazi, kwa binamu, na wote wakamjibu mafua. Mwisho akatuma neno kwamba anataka kumsikia mama yake, na wamlete kwa Bi Rukia, mahali anapopajua.

Walimleta asubuhi kwa kiti cha magurudumu, wapwa zake wakakiinua kila penye ngazi. Walimweka karibu na meza yangu, wakatoka. Bwana Famau akakaa upande wa pili. Alisema vidio isiwashwe, kijana asimwone mamake katika hali ile. Nikaweka simu yangu juu ya meza, katikati yao, nikafungua spika, nikapiga.

"Asalaam alaikum, Mama."

Bi Mwanakombo alifungua mdomo. Midomo ilifanya kazi, hakikutoka kitu.

"Mama?"

"Mwanakombo," Bwana Famau akasema, "mwambie u mzima." Akasikia alichokisema. Alimtazama mkewe, kisha akanigeukia mimi. "Bi Rukia, mwambie mamake yuko hapa. Sauti imemkauka."

Nikamwambia. Nimeyasema maneno ya aina hiyo kwa niaba ya watu wengi, nayo huwa hayanishindi. Siku hiyo yalinitoka vibaya.

"Bi Rukia, mimi nakuheshimu," Athmani akasema. "Lakini hayo nimeambiwa na kila mtu. Mafua gani haya ya miezi? Nambie kweli. Mama yu hai?"

"Yu hai, mwanangu. Yuko mbele yangu."

"Nyote husema hivo. Rafiki yangu hapa aliambiwa babake yuko shamba, naye babake yuko kaburini. Siwezi kukusadiki, nisamehe." Tukasikia mtoto akilia nyuma yake. "Baba yuko hapo, namsikia akivuta pumzi. Baba hajanidanganya hata siku moya, kwa kuwa hajasema nami. Basi na anambie yeye. Akinambia, nitaamini. Asiponambia, nakata tikiti yeo nakuya huko, na kesi ife."

Nataka mwelewe jambo hili kama nilivyolielewa mimi nikiwa nimekaa pale. Kwa miaka yote Bwana Famau alitaka kitu kimoja, mwanawe aje asimame mbele yake. Sasa kilikuwa mkononi. Hakuhitaji kufanya lolote. Angenyamaza tu, kama alivyozoea, na Athmani angekuja, kiapo kingetimia bila ya kaffara wala aibu, na kijana angekuwa amepoteza kila alichokijenga, na pengine wanawe pia.

Bi Mwanakombo alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Akaiweka simu chini ya kiganja na kuisukuma juu ya meza, polepole, mpaka ikafika mbele ya mumewe. Halafu akauacha mkono pale pale.

Bwana Famau aliitazama ile simu.

"Athmani," akasema.

Nilidhani laini imekatika nikainama kutazama kioo cha simu. Ilikuwa bado inahesabu.

"Naam, Baba."

"Mamako yu hai. Upande wa kulia umelegea, na kauli imekwenda. Akili yake ni nzima, akusikia hivi sasa. Hayo ndiyo yaliyopo, hakuna mengine nyuma yake." Aliisogelea simu. "Usiye. Kaa huko, ungoye karatasi zako. Umenisikia? Usiye."

Nililia, na sioni haya kuiandika. Kwa upande wa sheria mambo yalikuwa wazi: kiapo kilikuwa kimevunjika mbele yangu saa za kazi. Maskini kumi walilishwa wiki iliyofuata nyumbani kwa shemeji yake, mimi nikisaidia kupakua pilau, na mmoja wao alilalamika kwamba nyama ni kidogo. Lakini wakati ule hakuna aliyewaza kaffara. Athmani alikuwa akilia kule, sauti nene kama alivyosema baba yake, na ilichukua muda kabla hajaweza kupanga maneno.

"Baba, naomba radhi," alisema. "Niliondoka vibaya. Naomba radhi yako."

"Radhi nalikupa siku ile ile," Bwana Famau akasema. "Ulikuwa hujafika huko. Mimi nimekunyima kusema nawe tu."

Athmani akamuuliza mama anakulaje, na Bwana Famau akaanza kueleza: uji asubuhi, samaki asiye na miiba, namna ya kumgeuza kitandani. Athmani alikuwa na maswali mengi. Bwana Famau aliyajibu moja baada ya jingine, amejiinamia mezani, mdomo karibu na simu kuliko inavyohitajika.

Mimi nilikuwa nikimtazama Bi Mwanakombo. Mwanzoni aligeuza kichwa huku na huku, kwa mume akisema, kwa simu mwana akijibu, na midomo ikawa inacheza kidogo kila mmoja alipomaliza. Baadaye midomo ikatulia. Kichwa kikaegemea pembeni ya kiti, na akalala usingizi pale pale, mkono wake ukiwa bado juu ya meza. Nilimnong'oneza Bwana Famau nikamuuliza kama nimwamshe.

Akatikisa kichwa, akashusha sauti, akaendelea kuzungumza na mwanawe.